Kikapu cha Halua Juu ya Kabati

Niliila mimi. Nalisema mapema kabla hamjaanza kumshuku mwengine, maana mtaani kwetu kitu kikipotea watu huanza na paka kisha wakaja kwangu, na safari hii paka hana kosa. Halua ile ya kilo mbili, iliyokuja ndani ya kikapu kilichoshonwa mdomo kwa uzi wa ukili, ikakaa juu ya kabati la nguo la mama bila ya mtu kuigusa, niliila mimi, kwa kijiko cha chai, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Siku ya kwanza kijiko kimoja. Siku ya pili sikuhesabu.

Utasema: mtoto kala halua, makubwa yepi hayo? Hata mimi nilisema hivyo. Lakini ile haikuwa halua ya kuliwa. Ilikuja na barua ya posa.

Kwao mama, kaskazini, upande wa Mkokotoni, posa haijibiwi kwa mdomo. Mdomo huleta ugomvi. Barua huja kwa baba wa binti pamoja na kikapu cha halua, na baba hukipeleka kikapu kwa dada yake, shangazi wa binti, kwa sababu kwao jibu hutoka kwa shangazi. Shangazi akikata uzi, watu wa nyumba wakala, basi jibu ni ndiyo, na vigelegele vinapigwa. Akikirudisha vilevile, uzi haujakatwa, basi jibu ni hapana, wala hapana aliyetukanwa. Watu watakunywa kahawa, wataulizana habari za mvua, yamekwisha. Ni utaratibu mzuri. Wazee walipoutunga walifikiria kila kitu. Hawakunifikiria mimi tu.

Shangazi huyo ni mama yangu. Binti mwenyewe ni mtoto wa mjomba, lakini alikuwa amekaa kwetu Mji Mkongwe tangu alipoingia kidato cha kwanza. Miaka minne tumegombania bafu moja na kioo kimoja, kwa hiyo mimi namwita dada, na nikisema dada hapa ni huyo huyo, sina mwengine.

Mama alimpata dada kwa kuzingira duka. Mjomba ana duka la misumari, rangi na kamba, na mtoto wake alipofaulu kuingia sekondari yeye alisema inatosha, msichana akijua kusoma Qur-ani na kuandika jina lake anataka nini tena. Mama alipopata habari alifunga charahani yake, akaenda mpaka dukani kwa kaka yake, akakaa kwenye kizingiti. Asubuhi mpaka adhuhuri. Wateja wakawa wanamruka.

“Ondoka hapo, unanifukuzia watu,” mjomba akasema.

“Nipe mtoto nikamsomeshe, niondoke.”

“Weye mwenyewe hukusoma, na umekufa?”

“Nipe mtoto, kaka.”

Mama aliishia darasa la saba. Alifaulu, jina likabandikwa ukutani, babu akamnunulia charahani. Ndiyo hiyo charahani anayoshonea mpaka leo, na anachoshona ni sare za skuli. Marinda ya buluu, mamia kwa mamia, ya watoto wa watu. Hilo sikuwahi kulifikiria mpaka mwaka huu, na nilipolifikiria nilitamani nisingelifikiria.

Kule kaskazini walimsema sana. Kubwa lao lilikuwa hili: mwanamke kaachwa na mume, sasa anafundisha watoto wa watu kukataa waume. Ni kweli baba alimwacha, lakini mama hajawahi kumkatalia mtu mume. Alichokuwa akiomba ni muda tu.

Dada alikuwa na akili za kuudhi. Yupo kidato cha nne, mimi cha tatu, lakini kazi zangu za hesabu alizifanya huku anakuna nazi. Alikuwa anataka kazi ya maabara, ya kutazama damu kwenye darubini. Nilimuuliza kwa nini asiwe daktari kabisa, akasema daktari anazungumza na wagonjwa, na yeye amechoka kuzungumza na watu kama mimi. Damu haina maneno mengi. Ndani ya mlango wa kabati la mama alibandika mchoro wa figo, na chini yake akaandika kwa chaki siku zilizobaki mpaka mtihani. Kila asubuhi anafuta, anaandika nyengine. Ukitaka kuchukua shati unakutana na figo.

Posa ilikuja zimebaki siku hamsini na moja. Ilikuwa Jumamosi. Mjomba alipanda ngazi zetu akihema, kikapu mkononi, uso umenawiri.

“Hodi!”

“Karibu kaka. Shikamoo.”

“Marahaba. Haya, lete sinia na kisu. Mambo yetu mazuri.”

Mwenye kuposa alikuwa dereva, ana gari lake mwenyewe la kubebea mchanga, miaka thelathini na kidogo, hana mke. Mjomba aliyasema hayo yote akiwa bado amesimama. Mama akakipokea kikapu kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akavuta kigoda, akapanda, akakiweka juu ya kabati.

“Unaweka juu ya kabati?”

“Ndiyo pahala pake.”

“Halua haiwekwi juu ya kabati. Halua inawekwa kwenye sinia.”

“Na mtoto wa kidato cha nne anawekwa darasani. Ijumaa nitakirudisha mwenyewe, uzi haujakatwa.”

“Utanitia aibu, mwanakwetu.”

“Aibu gani, kaka? Uzi mzima, hapana aibu. Si ndiyo mila yenu? Mimi naifuata mila.”

Mjomba hajapata kuona mtu akimpiga kwa fimbo yake mwenyewe. Alikunywa maji, akashuka ngazi. Dada alikuwa jikoni na alisikia yote. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu, akaninyooshea kijiti cha chaki.

“Usiiguse.”

“Nani kasema nataka—”

“Hata usiiangalie.”

Ananijua.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyoangamia. Jumapili mama alikwenda Darajani kununua vifungo. Dada alikuwa kwenye masomo ya ziada. Mimi na kabati. Hiliki inanukia chumba kizima, na lozi, na samli. Nilijiambia nitachungulia tu. Ukikata uzi kidogo pembeni, utachungulia. Ukishachungulia, utaonja, ujue kama ni halua ya maana au wamemdharau dada. Nilikuwa namlindia heshima yake, unaona. Kijiko kimoja. Jumatatu nikamlindia tena. Jumatano mchana kijiko kiligonga chini ya kikapu na nikasikia ile sauti, tik, na nikakaa kitako sakafuni.

Mwenye akili angekwenda kwa mama wakati ule ule. Mwenye akili hakuwapo. Jikoni mama alikuwa amekamua nazi ya wali, na machicha ameyaweka kwenye bakuli apewe jirani kwa ajili ya kuku wake. Nikayachukua. Nikayapika na sukari guru mpaka yakawa rangi ya kahawia, nikatia mafuta kidogo yang'ae, nikayashindilia kikapuni, nikayapoza. Kwa mbali, kama una haraka na macho yako mabovu, ni halua. Ukili nilikuwa nimeshautupa, kwa hiyo nikashona mdomo kwa uzi uliokuwa kwenye charahani. Uzi wa buluu, ule wa marinda.

Mama huyu anaweza kuona pindo lililopinda la mtu anayepita ng'ambo ya barabara. Lakini wiki ile hakuwa akiangalia kikapu. Alikuwa anatembea chumbani akijifunza maneno: “Wazee wangu, tumeshukuru, mmetuheshimu. Lakini mtoto bado yumo kazini.” Anabadilisha neno, anarudia. Mikono imefungwa nyuma kama mwanafunzi anayesoma mbele ya mkaguzi.

Hesabu zangu mimi zilikuwa hivi: nani atafungua halua iliyorudi? Wataona haya, wataitia ndani, itaozea huko, mtihani utafanywa, na mimi nitakuwa mzee mwenye ndevu kabla mtu hajajua. Kumbe mila ina sehemu ya pili. Kikapu kikirudi, wanaoposa hukifungua palepale na kula pamoja na waliokataa, ili mtu asiondoke na uchungu mdomoni. Sehemu hiyo nilikuwa siijui kwa sababu sijawahi kuona kikapu kilichorudi. Baadaye nilimuuliza mama, naye akaniambia hata yeye hajawahi kukiona kwa macho, alisikia tu kwa bibi yake. Shangazi wote waliopita walikata uzi.

Ijumaa baada ya sala tukaenda, mimi na mama. Kikapu kilikuwa mapajani mwangu njia nzima. Ningeweza kukisahau kwenye gari. Ningeweza kukitupa dirishani pale penye mikarafuu. Nilikishika kwa mikono miwili kama yai.

Kwenye baraza la mjomba walikuwa wamekaa yeye mwenyewe, muoaji, na mzee wa muoaji, ami yake, mwenye kofia iliyodariziwa na sauti ya polepole. Wanawake walikuwa mlangoni nyuma ya pazia. Mama alikaa juu ya mkeka mbele ya wanaume, kitu ambacho wanawake wa kule hawafanyi, akasema maneno yake yote bila kukosea hata moja. Alisema mtoto huyu zimembakia siku arubaini na tano. Alisema hakatai mtu, anakataa wakati. Nilimtazama, nikajua kuwa sitaweza hata siku moja kuwa na kifua kile.

Mzee aliitikia kwa kichwa.

“Tumesikia, Bi. Umesema vizuri. Hapana kinyongo. Fungueni, tutie kinywani.”

Hapo figo zangu, kama ile iliyochorwa kabatini, zikasimama kazi.

Mjomba akakata uzi. Mzee akachota kwa vidole vitatu, akatia mdomoni, akatafuna mara moja, akaacha kutafuna. Akatoa kile kitu, akakitazama kiganjani.

“Hii nini?”

Kikapu kikapita mikono. Muoaji akanusa. Mjomba akaonja.

“Machicha,” akasema, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

Mama akachukua kikapu, akakigeuza, na jicho lake likaangukia ule uzi wa buluu uliokatwa. Aliushika kwa ncha za vidole. Akaniangalia mara moja tu, si kwa muda mrefu. Mimi nikajua kwisha kazi, atasema ni huyu mwanaharamu, na nitapigwa na ukoo mzima kwa zamu.

“Nimetia mimi,” mama akasema.

“Weye?”

“Mimi. Halua niliimwaga.”

Mzee akainuka. Hakupandisha sauti. Akasema, “Tumerudishiwa chakula cha kuku,” akavaa viatu, akaondoka. Muoaji akamfuata, na alipopita karibu yangu alinitazama mikono, kisha akanitazama usoni, kama mtu anayejua jambo na haoni faida ya kulisema. Mjomba alibaki amekaa. Alimwambia mama kwamba kuanzia leo hana kaka, na mama akasema, “Mtoto atabaki kwangu mpaka mtihani,” na mjomba akasema, “Nani atamtaka sasa? Baki naye.”

Mama alisema tulipofika penye kivuli cha kituo cha gari.

“Ningesema umekula weye, ingekuwa imeliwa. Umefahamu? Imeliwa nyumbani kwangu. Hiyo ni ndiyo. Ikiwa nimemwaga mimi, ni hapana. Hapana ya matusi, lakini ni hapana.”

“Naam.”

“Sasa ufunge mdomo wako mpaka mwenzako amalize mtihani. Utaweza?”

“Ntaweza.”

“Hutaweza,” mama akasema. “Lakini jaribu.”

Basi nikajaribu, na naomba iandikwe popote panapoandikwa kwamba nilijaribu zaidi ya mwezi. Si muda mdogo kwa mdomo kama wangu. Habari zilifika mjini kabla yetu. Mtaani kwetu kuna baraza la wanywa kahawa, wazee watano na mashahidi wao, na wao hawajawahi kuachwa nyuma na habari yoyote. Mama akapewa jina: Bi Machicha. Akipita wanaita kuku, “Kwii, kwii, kwii!” Mtu akatundika mfuko wa machicha kwenye mlango wetu. Mama akayapeleka kwa kuku wa jirani, akaufua mfuko, akautundika tena palepale, umekunjwa. Wateja wake wa kaskazini, waliokuwa wakileta majora mazima ya kitambaa kila karibu na skuli kufunguliwa, wakachukua kitambaa chao wakapeleka kwengine. Na kuna waliofasiri yale machicha kwa namna ambayo siwezi kuiandika, ikimhusu dada mwenyewe, kwamba mama alikuwa akiwapa watu habari ya kitu kilichokwisha kukamuliwa. Dada alikuwa akipita katikati ya maneno hayo kwenda skuli na kurudi, mkoba kifuani.

Yeye alijua siku ileile. Aliuona uzi.

“Ilikuwa na lozi?” aliniuliza, hajainua macho kwenye daftari.

“Nyingi.”

“Mshenzi.”

Akaendelea kuandika. Kesho yake kwenye mlango wa kabati nambari ilikuwa imepungua kama kawaida, na kusema kweli katika siku zile nilianza kuamini. Hesabu ilikuwa inashuka. Thelathini. Ishirini. Kumi na tano. Mama anatukanwa, charahani imelala nusu ya siku, lakini nambari inashuka, na nikaona kumbe hivi ndivyo ushujaa unavyofanya kazi: unakaa kimya, unakula matusi, unahesabu.

Zilipobaki kumi na mbili nilikuwa napita barazani na mkate wa boflo mkononi. Mmoja wa wale wazee, fundi saa ambaye hajawahi kutengeneza saa ikaenda, akanisimamisha.

“Kijana! Mama yako yule kaachwa mara moja. Sasa anataka binti wa kaka yake aachwe kabla ya kuolewa!”

Wakacheka. Mimi ni mtu wa mizaha, sinuni. Nitanie masikio yangu, nitanie alama zangu za hesabu, nitacheka kabla yako. Lakini nilimuona mama. Alikuwa dirishani juu, amesikia, na akawa anafunga dirisha taratibu, kama mtu anayezuia mvua tu.

“Mama yangu hajatia kitu!” nikasema. “Halua niliila mimi! Yote! Kijiko kwa kijiko! Na machicha nimeyapika mimi, na nyinyi hata kuonja hamkupewa!”

Baraza likalipuka. Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa juu ya kanzu. Walinipiga mgongoni, wakaniita simba, wakasema maskini yule mama kumbe kabeba mzigo si wake, tumemdhulumu, tumwombe radhi. Fundi saa akafuta machozi. Nikapanda ngazi tatutatu, kifua mbele. Nilikuwa nimelipa deni la mama kwa sentensi moja.

“Mama! Nshakusafisha!”

Alikuwa anazungusha gurudumu la charahani. Akalisimamisha kwa kiganja.

“Umesemaje?”

Nikamwambia. Dada alikuwa sakafuni na karatasi zake za mitihani ya nyuma. Hakuna aliyenipigia kelele. Dada alianza kukusanya karatasi zile moja moja, akizilinganisha kingo, na mimi nikiwa bado nimesimama na boflo langu nikaelewa, polepole, kama mtu anayechelewa kucheka.

Imeliwa.

Yule aliyemwaga kahawa mkewe ni wa Mkokotoni. Siku mbili baadaye mjomba alipanda ngazi zetu, na nyuma yake yule mzee mwenye kofia. Hawakuja na hasira. Walikuja wanatabasamu. Mjomba alimshika mama mkono, macho yamejaa maji, na kweli alikuwa anamwomba radhi.

“Nisamehe, mwanakwetu. Nilikudhania vibaya. Kumbe imeliwa.”

“Kala mtoto mwizi, kaka. Sikukata uzi mimi.”

“Uzi umekatwa kwako, imeliwa kwako, kaila nani? Mtoto wa nyumba. Mtoto wa nyumba ni nyumba.”

“Siku kumi, kaka. Zimebaki siku kumi tu. Afanye mtihani, umchukue siku ileile, na sare zake. Nitamleta mwenyewe.”

“Wazee hawa wameshalishwa machicha mara moja. Nikiwaambia subirini, watasema tunawachezea tena.”

“Mzee wangu,” mama akamgeukia yule wa kofia, “wewe ulinambia nimesema vizuri.”

“Ulisema vizuri, Bi,” mzee akajibu, na alikuwa mpole kabisa. “Lakini halua imeliwa.”

Nilisema, “Mjomba, nilidanganya, sikuila, nilimpa paka.” Wakacheka wote wawili. Huo ndio ubaya wa kuwa mimi.

Mama alipewa siku tatu za kutayarisha nguo, akazitumia kwa mengine. Alikwenda skuli, akaenda kwa sheha wa mtaa, akapanda ngazi za ofisi mbili. Kote alipokewa vizuri. Kote alipewa kiti. Mmoja alimwambia mambo ya kifamilia yanataka busara, mwengine akamwambia aandike barua, na mama akaandika, kwa mwandiko wake wa darasa la saba, akairudia mara nne ili isiwe na doa. Sijui iko wapi barua ile.

Siku walipokuja kumchukua, muoaji mwenyewe alisaidia kushusha sanduku. Nilishika upande mmoja, yeye mwengine, ngazi nyembamba, tunashuka kwa ubavu.

“Miye sina haraka,” akaniambia kwa sauti ya chini. “Wazee ndio wenye haraka.”

“Basi waambie.”

“Waambie weye. Si ndiwe hodari wa kusema?”

Hakuwa mtu mbaya. Nilitamani awe mbaya.

Dada aliniachia mkebe wake wa vifaa vya hesabu, bikari na kila kitu, ndani yake kipande cha chaki. Nilimtania. Sijui kwa nini, mdomo ulikwenda wenyewe: nikamwambia aangalie kwa mumewe wasimlishe mchanga. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa akicheka mizaha yangu, akichelewa kidogo, kama anaipima kwanza. Alisubiri mpaka nikamaliza.

“Haya,” akasema, akajitanda ukaya wake, akaenda kupanda gari.

Kwenye mlango wa kabati nambari ilibaki saba. Hakuna aliyeifuta.

Siku ya mtihani sisi wa kidato cha tatu tuliambiwa tuje kufagia uwanja, kimya kimya, tusiwasumbue wenzetu. Nikafagia mpaka chini ya madirisha. Kila meza imebandikwa nambari kwenye kikaratasi, na ya tatu kutoka mlangoni, safu ya ukutani, haikuwa na mtu. Karatasi ya maswali ilikuwa imewekwa pale juu, imefunikwa uso chini kama za wengine, kwa sababu msimamizi alikuwa na orodha na orodha ilikuwa bado na jina lake. Upepo ukawa unainua ukingo wake. Baadaye msimamizi akaja, akaikandamiza kwa kifutio cha ubao, akaendelea kutembea.

Kesho yake asubuhi sikuamka. Nilijifunika shuka gubigubi, nikasema sendi, naumwa, skuli nimeacha, nitatafuta kazi ya kupakia mchanga. Mama alikuwa amekaa kwenye charahani na sare ya dada mapajani, anafumua mshono wa kiuno kwa wembe, uzi wa buluu unaanguka sakafuni vipande vipande. Kuna mtoto wa jirani anaingia darasa la tano, na kitambaa kilikuwa bado kizima.

Nilimwambia mama anipige. Nilimwambia mara mbili. Nikamwambia anitukane basi, aseme chochote, maana tangu dada aondoke alikuwa akinambia “kula” na “funga mlango” tu. Alifumua mpaka mwisho wa mshono, akakung'uta nyuzi, akanitazama kwa muda, kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa kifupi, ambacho hakitoshi tena lakini ndicho kilichopo.

“Inuka, chukua mkoba wako uende skuli,” akasema. “Sasa umebaki wewe.”